Feri za Istanbul: Tathmini ya Mwanafunzi Msafiri

Kwa mwanafunzi anayetaka kuufahamu mji wa Istanbul akiwa na fedha kidogo mfukoni, huduma ninayoipendekeza kuliko zote ni feri za abiria za mji huo. Nasema hivi nikijua kwamba mabasi ya watalii yasiyo na paa, boti za karamu za jioni na ziara za kuongozwa ndizo zinazotangazwa zaidi, na kwamba mgeni huzikuta hata kabla hajaliona gati. Tulikwenda huko kundi la wanafunzi wa Afrika Mashariki tunaosoma Ankara: mimi wa Tanga, kaka mmoja wa Mombasa, dada wa Unguja anayesomea uuguzi, na rafiki yetu wa Bujumbura aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Ankara iko bara, katika nyanda za juu za Anatolia, na mtu aliyezaliwa karibu na maji huchoka kuishi mbali nayo. Kwa hiyo likizo ilipofika hatukuwa na mjadala mrefu kuhusu mahali pa kwenda.

Istanbul imekaa katika mabara mawili, na kinachoyatenga ni mlangobahari wa Bosporus, wenye urefu wa kilomita zipatazo 30, unaotoka Bahari Nyeusi hadi Bahari ya Marmara. Leo kuna madaraja matatu juu ya mlangobahari huo, la kwanza likiwa la mwaka 1973 na la tatu la mwaka 2016, na tangu mwaka 2013 kuna reli ya Marmaray inayopita chini ya sakafu ya bahari. Mtu angeweza kudhani kwamba baada ya yote hayo feri zimebaki kuwa pambo la kupigia picha, lakini sivyo. Asubuhi utawakuta humo makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari wenye mabegi mgongoni na mafundi wenye masanduku ya vifaa, wote wakivuka kwenda kazini. Mwendeshaji mkuu ni Şehir Hatları, kampuni ya Manispaa ya Jiji la Istanbul, ambayo chimbuko lake ni Şirket-i Hayriye, kampuni ya meli iliyoanzishwa mwaka 1851 enzi za Sultani Abdülmecid. Huduma yenye umri huo imeshaingia katika mazoea ya watu, na hilo ndilo mgeni analolipata ndani yake bila kulipia zaidi: anakaa na wenyeji katika shughuli zao za kila siku, na hakuna aliyemwandalia maonyesho.

Nianze na malipo, kwa kuwa mwanafunzi huuliza hilo kwanza. Feri hulipiwa kwa Istanbulkart, kadi ileile inayotumika katika metro, tramu, mabasi na Marmaray. Kadi ya kawaida hununuliwa katika mashine zilizoko kwenye magati na vituo vikubwa, na huongezewa fedha papo hapo. Mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo cha Uturuki anaweza kuomba kadi ya wanafunzi yenye picha yake, ambayo nauli zake ni nafuu sana; ninawasihi Waswahili wenzangu walioko huko kwa ufadhili wa Türkiye Bursları au kwa njia nyingine wasiipuuze, hata kama wanaishi mkoa mwingine na hufika Istanbul wakati wa likizo tu. Sitataja kiwango cha nauli, kwa sababu hupandishwa mara kwa mara kutokana na mfumuko wa bei, na tarakimu ya leo itampotosha msomaji wa mwakani. Ninachoweza kusema ni kwamba kuvuka kutoka bara moja kwenda jingine kwa feri ya kawaida ni miongoni mwa starehe za bei ya chini kabisa katika mji ambao viingilio vya makumbusho yake humuumiza mgeni. Ni vizuri pia kila mtu awe na kadi yake, kwa maana punguzo la kuunganisha safari, kwa mfano kutoka feri kwenda tramu, hufuata kadi. Na katika Marmaray, ambako nauli hutegemea umbali, kadi hukatwa kwanza nauli ya safari ndefu kabisa. Ukishuka njiani, iguse kwenye mashine ya marejesho iliyoko karibu na mlango wa kutokea, ili urudishiwe kilichozidi.

Njia iliyotushika moyo ni ya Kadıköy kwenda Eminönü. Treni ya mwendokasi kutoka Ankara humshusha abiria Söğütlüçeşme, upande wa Asia, na kutoka hapo hadi gati la Kadıköy ni mwendo mfupi wa miguu. Hivyo basi, anayefika kwa treni anaweza kuingia upande wa Ulaya kwa njia ya bahari, na ningependa kila mgeni auone mji huo kwanza kutoka majini, kwa sababu wenyewe ulijengwa uonekane kutoka huko. Safari huchukua takribani dakika 20. Panda sitaha ya juu, kaa upande wa kulia. Kwanza litakuja jengo la stesheni ya Haydarpaşa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa michoro ya wasanifu wa Kijerumani, likiwa limesimama ukingoni kabisa mwa maji. Paa lake liliungua mwaka 2010. Baada yake ni winchi za bandari, kisha kambi kubwa ya Selimiye yenye minara katika pembe zake nne, ambako Florence Nightingale aliwauguza askari wa Uingereza wakati wa Vita vya Crimea. Dada yetu wa Unguja alikuwa amesoma habari zake darasani Zanzibar na tena Ankara, na alisimama kwenye ukingo wa sitaha mpaka kambi ile ilipobaki nyuma yetu.

Hapo ndipo inafaa kuhamia kushoto. Rasi ya Sarayburnu inasogea na miti yake, kasri la Topkapı likiwa juu yake, na nyuma ya kasri kuba la Aya Sofya, kanisa la kale ambalo leo ni msikiti, iliyokamilishwa mwaka 537 katika utawala wa Kaizari Justinian, likifuatwa na minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmet. Feri inapoizunguka rasi hiyo, msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Mimar Sinan, unajitokeza juu ya kilima, na ng'ambo ya pili unasimama mnara wa Galata ambao Wagenoa waliujenga mwaka 1348. Vitabu vya utalii huvigawa vitu hivi katika kurasa tofauti, kila kimoja na saa zake za kufunguliwa na kiingilio chake. Kutoka sitahani vinaonekana kwa pamoja, na mtu anaelewa kwa nini tawala zilizofuatana ziliing'ang'ania rasi hiyo ndogo: mwenye kuikalia huiona kila meli inayoingia na kutoka. Nilikuwa nimesoma historia hiyo chuoni, lakini ni pale sitahani nilipoielewa.

Ndani ya feri kuna usafi wa kuridhisha, viti vya kutosha nyakati zisizo za msongamano, vyoo, na kantini inayouza chai, kahawa, maji ya machungwa, ayran, yaani mtindi uliochanganywa na maji na chumvi, na simit, yaani mkate wa mviringo uliopakwa ufuta. Chai huletwa katika bilauri ndogo yenye kiuno chembamba, nyeusi, bila maziwa, na mhudumu hupita nayo kwenye sinia kati ya abiria bila kumwaga hata chombo kinapoyumba. Bei yake ni ya kawaida, tofauti kabisa na mikahawa iliyoko karibu na vivutio vikuu. Wakati wa baridi huuzwa pia salep, kinywaji cha moto cha maziwa chenye mdalasini, ambacho sote tulikikubali. Shakwe huifuata feri wakidaka vipande vya simit vinavyorushwa na watoto, na watu wazima nao hawabaki nyuma katika mchezo huo.

Kaka wa Mombasa, aliyevuka kwa feri ya Likoni ya mji wao tangu utoto, alikuwa mtazamaji mkali kuliko sisi sote, na maoni yake nayaheshimu. Alisema Likoni ina jambo moja ambalo Istanbul haina, nalo ni kwamba mwenda kwa miguu havukishwi kwa malipo. Lakini aliona pia kwamba pale mtu husimama bega kwa bega na malori, pikipiki na mikokoteni, ilhali feri za Kadıköy ni za watu peke yao. Magari yana feri zake kati ya Sirkeci na Harem. Aliangalia namna feri inavyofunga: inasogea, kamba zinatupwa, madaraja madogo yanawekwa, mamia ya watu wanashuka kwa dakika chache bila kusukumana, na kundi jipya linaingia baada ya la kwanza kwisha. Mtu aliyekulia pwani hujua kwamba utaratibu wa namna hiyo hautokei wenyewe. Una watu walioufanyia kazi kwa miaka mingi, na una abiria waliokubali kuufuata. Tuliona pia maboya na jaketi za kujiokolea mahali panapoonekana, jambo ambalo kwa Mtanzania yeyote anayekumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 si dogo hata kidogo.

Njia ya pili ninayoipendekeza ni ya Pembe ya Dhahabu, hori ambalo Waturuki huliita Haliç. Vyombo vya njia hii ni vidogo, huenda polepole na hupishana kwa nafasi kubwa, kwa hiyo ni lazima kuangalia ratiba kabla ya kuondoka. Huanzia Üsküdar, hugusa Karaköy, hupita chini ya madaraja na kuendelea hadi Eyüp. Shuka kwanza Fener, mtaa wa vilima na nyumba za rangi, penye makao ya Patriarki wa Kiorthodoksi wa Konstantinopoli, na karibu nako kanisa la Wabulgaria la Mtakatifu Stefano, lililoundwa kwa chuma na kufunguliwa mwaka 1898. Rafiki yetu wa Bujumbura, ambaye ni Mkristo, alifurahi kuikuta historia ya Kanisa la Mashariki ikiwa bado na watu wake katika mtaa ule. Kisha panda tena hadi Eyüp, ambako amezikwa Abu Ayub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume Muhammad nyumbani kwake Madina na akafariki wakati Waarabu walipouzingira mji huu katika karne ya 7. Sisi Waislamu wa kundi tulisimama hapo kwa heshima na dua. Msikiti hujaa siku ya Ijumaa, na ni mahali pa ibada kabla ya kuwa kivutio, kwa hiyo mavazi na sauti viwe vya kuendana na mahali.

Visiwa vya Adalar, katika Bahari ya Marmara, vinahitaji siku nzima. Feri hutua Kınalıada, Burgazada, Heybeliada na mwisho Büyükada, safari ya takribani saa moja na nusu ukianzia katikati ya mji, na kwa urefu huo nauli yake bado ni ya kumfaa mwanafunzi. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi visiwani. Farasi waliokuwa wakivuta magari ya abiria waliondolewa mwaka 2020, na nafasi yao ikachukuliwa na magari madogo ya umeme, hatua ambayo naiunga mkono kwa moyo wote kwa ajili ya wanyama wale. Büyükada ni kikubwa kuliko vyote. Leon Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi, aliishi huko uhamishoni kuanzia mwaka 1929 hadi 1933. Juu ya kilima chake kuna kanisa la Aya Yorgi, ambalo kila tarehe 23 Aprili hupandiwa na mahujaji Wakristo, na Waislamu wengi wakiwa miongoni mwao. Kupanda ni kugumu, tena kwa mawe, lakini upepo wa juu na mandhari ya visiwa vingine hulipa jasho lote. Chakula cha migahawa ya gatini ni ghali kwa mwanafunzi, na sisi tulikwenda na mkate, zeituni, jibini na matunda yaliyonunuliwa sokoni Kadıköy.

Kuna pia ziara ndefu ya Bosporus, inayoondoka Eminönü asubuhi hadi Anadolu Kavağı, kijiji cha wavuvi karibu na Bahari Nyeusi, chenye magofu ya ngome ya Yoros juu yake. Nauli yake ni tofauti na ya feri za kila siku, ila bado naiona kuwa ya haki kwa siku nzima ya bahari. Utapita mbele ya kasri la Dolmabahçe, alimofariki Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, tarehe 10 Novemba 1938, na mbele ya msikiti wa Ortaköy uliosimama chini ya daraja la kwanza. Kisha mlangobahari unabanwa hadi kufikia mita 700 hivi. Hapo zinatazamana ngome mbili, Anadolu Hisarı upande wa Asia, na Rumeli Hisarı upande wa Ulaya, ambayo Sultani Mehmed II aliijenga mwaka 1452 kwa miezi michache, mwaka mmoja kabla ya kuuteka mji. Meli kubwa za mizigo na za mafuta hupita katikati yake hadi leo, zikiwa karibu kiasi cha kusomeka majina, na katika sehemu hii mikondo ni mikali: maji ya juu hushuka kutoka Bahari Nyeusi, na ya chini hurudi kinyume.

Katika eneo la Eminönü madalali wa boti binafsi huwaita wageni kwa sauti na kuwatajia bei zinazobadilika kulingana na sura ya mnunuzi. Mmoja wao alitutajia bei tatu katika mazungumzo yaleyale. Simlaumu mtu anayetafuta riziki, wala sisemi kwamba kila boti binafsi ni mbaya, kwa maana zipo zinazovusha watu kwa Istanbulkart kama kawaida na kwa utaratibu mzuri. Ninachosema ni kwamba mgeni asinunue chochote barabarani kabla ya kulitembelea gati rasmi na kusoma ratiba iliyobandikwa.

Upungufu upo, na mgeni anapaswa kuujua. Wa kwanza ni wa hali ya hewa: upepo wa kusini, unaoitwa lodos, pamoja na ukungu, huweza kusimamisha feri kwa saa nyingi, hasa miezi ya baridi, na hilo haliwezi kulaumiwa kwa kuwa usalama wa abiria hutangulia. Mwenye treni au ndege ya kuwahi siku ya upepo atumie Marmaray. Eminönü kuna magati kadhaa yaliyopangana, kila moja na njia yake, na matangazo mengi ni ya Kituruki. Sisi tulisaidiwa na mwaka wa lugha tulioupitia kabla ya masomo, ila asiyejua lugha asome jina la mwisho wa safari juu ya lango kabla ya kugusa kadi. Baadhi ya meli za zamani zina ngazi za mwinuko mkali zinazoelekea sitaha ya juu, jambo ambalo litamtaabisha mzee au mwenye ulemavu, ingawa sitaha ya chini hufikika kwa urahisi zaidi. Huduma hupungua sana usiku, na ratiba ya majira ya joto si ya majira ya baridi. Kuhusu visiwa, Jumapili za kiangazi ni za kuepukwa: umati wa kurudi jioni ni mkubwa kiasi kwamba familia zenye watoto husimama muda mrefu, na utulivu ambao mtu aliufuata huko haupatikani.

Kwa mwanafunzi mwenye siku moja tu, ningempangia hivi. Aanze Kadıköy mapema, avuke hadi Eminönü, atembee kwa miguu hadi msikiti wa Yeni Cami na soko la viungo lililo nyuma yake, kisha apite juu ya daraja la Galata penye safu ya wavuvi wa ndoana hadi Karaköy. Adhuhuri achukue feri ya Haliç kwenda Eyüp na kurudi nayo hadi Üsküdar, ambako msikiti wa Mihrimah Sultan, kazi nyingine ya Sinan, uko hatua chache kutoka gatini, na ufuo wa kukaa na kuutazama mnara wa Kız Kulesi hauna kiingilio. Kutoka Üsküdar kuna mabasi ya kurudi Kadıköy. Huko atakula vizuri katika vichochoro vya soko la samaki kwa bei ya wanafunzi, na kama anarudi Ankara siku hiyohiyo, ahakikishe tiketi ya treni ameikata mapema, kwa sababu za mwisho wa juma na za likizo huisha siku kadhaa kabla.